Sekei na jirani zake: Vivutio ambavyo Arusha huvipita kila siku

MAGARI ya watalii huanza kuondoka Arusha kabla ya jua kuchomoza. Mengi huelekea magharibi, yakipita Makuyuni na Mto wa Mbu kwenda Ngorongoro na Serengeti. Mengine hushika barabara ya Moshi kuwapeleka wanaokwenda kupanda Kilimanjaro. Jioni hoteli hupokea kundi jingine, nalo kesho yake huondoka vilevile. Kwa utaratibu huo, mji ambao jina lake limo katika karibu kila kitabu cha safari za Afrika Mashariki umebaki kuwa mahali pa kulala, kubadili fedha na kujaza mafuta.

Orodha ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) nayo inaimarisha mtazamo huo. Miongoni mwa maeneo saba ya Tanzania yaliyomo katika Urithi wa Dunia, matatu, yaani Ngorongoro (1979), Serengeti (1981) na Kilimanjaro (1987), hufikiwa na wageni wengi kwa kupitia Arusha. Hakuna hata moja lililo ndani ya jiji lenyewe, wala kwenye mlima unaolitazama jiji hilo kutoka kaskazini.

Wenyeji nao wameuzoea mtazamo huo. Si ajabu kumpata mtu aliyezaliwa na kukulia Arusha, akasomea hapo na kuajiriwa hapo, ambaye hajawahi kuvuka mlango wa Boma la Wajerumani. Ukimuuliza, atakujibu kwamba hayo ni mambo ya wazungu. Jibu hilo linashangaza, kwa kuwa sehemu kubwa ya yaliyohifadhiwa katika maeneo hayo ni habari za babu zake.

Makala haya yanaeleza maeneo yanayostahili kutembelewa kwa mtu anayeanzia safari yake Sekei. Baadhi yanafikiwa kwa miguu. Yaliyo mbali zaidi hayazidi safari ya siku moja, isipokuwa kilele cha Meru, ambacho kina mahitaji yake.

Mlima uliokatika ubavu

Sekei ni kata iliyo upande wa kaskazini wa barabara kuu iendayo Moshi na Nairobi, mkabala na Hoteli ya Mount Meru. Kutoka barabarani ardhi huanza kupanda mara moja. Nyumba za matofali, maduka na gereji huchanganyika na migomba na kahawa, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo nyumba zinavyopungua na mashamba yanavyoongezeka. Hii ni nchi ya Waarusha, watu wasemao Kimaasai lakini ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakulima wa mlimani. Mashariki yao wako Wameru, wasemao lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kichaga. Wageni wengi huondoka Arusha bila kujua kwamba makabila hayo mawili si Wamaasai.

Kivutio cha kwanza cha Sekei hakihitaji kiingilio. Asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Meru huonekana wote, kuanzia msitu wa chini hadi mwamba mtupu wa juu. Una urefu wa mita 4,566 kutoka usawa wa bahari na ni wa pili nchini baada ya Kilimanjaro. Kwa kuwa Sekei yenyewe iko kwenye mita kama 1,400, mlima huo umesimama juu ya vichwa vya wakazi kwa zaidi ya kilomita tatu. Mlima Fuji wa Japani, ambao picha zake hutundikwa ukutani dunia nzima na ambao UNESCO iliuingiza katika orodha yake mwaka 2013, una mita 3,776. Meru unauzidi kwa takribani mita 790.

Mtu anayeutazama kutoka Sekei, hata hivyo, anaona upande mmoja tu, na huenda akadhani kwamba ni pia kamili kama mengine ya volkano. Sivyo. Upande wa mashariki mlima umekatika. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu mzima uliporomoka, na mawe, matope na majivu yakasambaa hadi karibu na miguu ya Kilimanjaro. Kilichobaki ni umbo la kiatu cha farasi, lenye ukuta wa mwamba unaoshuka takribani mita 1,500 hadi sakafu ya kreta. Ndani ya kreta hiyo baadaye kilichomoza kilima kipya cha majivu, nacho kina urefu wa zaidi ya mita 3,600 kutoka usawa wa bahari.

Dunia ilishuhudia tukio la aina hiyo, kwa kiwango kidogo, tarehe 18 Mei 1980, pale Mlima St. Helens katika jimbo la Washington, Marekani, ulipopasuka ubavuni na kuua watu 57. Tangu hapo watu husafiri kutoka mabara mengine kwenda kuutazama mlima ule uliobomoka. Arusha inao wa namna hiyo na mkubwa zaidi, na wengi wa wanaoishi chini yake hawajauona upande uliokatika, ingawa mwendo wa gari kufika huko ni kama saa moja. Meru si volkano iliyokufa kabisa. Mlipuko wake wa mwisho unaojulikana, uliokuwa mdogo, ulitokea mwaka 1910.

Udongo wa majivu hayo ndio unaoilisha Arusha, na msitu wa mlimani ndio chanzo cha mito inayokatiza mjini, ikiwamo Themi na Naura. Upande wa kusini, ambako Sekei ipo, hupata mvua nyingi, ilhali upande wa kaskazini ni mkavu. Volkano hiyo vilevile imetia madini ya floridi katika maji ya sehemu nyingi zinazouzunguka mlima, na ndiyo maana meno ya kahawia ni jambo la kawaida kwa watu wengi waliokulia huko. Mgeni anayeshangaa kwa nini mtu kijana mwenye afya ana meno ya rangi hiyo aelewe kwamba anachokiona ni jiolojia, wala si uchafu.

Kwa anayetaka kupanda kidogo tu, vijiji vya miteremkoni vina utaratibu wa kupokea wageni. Ng'iresi, kijiji cha Waarusha kilicho umbali wa kilomita kama saba kutoka mjini, ni miongoni mwa vile vilivyoanzisha utalii wa utamaduni katika miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV. Mgeni hutembezwa na kijana wa kijiji katika mashamba na vijito, huelezwa matumizi ya miti, na hula chakula kilichopikwa na akina mama wa hapo. Huko juu ziko pia njia za kufikia maporomoko ya maji, likiwamo la Napuru, ambalo hufikiwa kwa kupita ndani ya korongo lenye maji baridi na mawe yanayoteleza. Haifai kwenda bila mwenyeji wala kwenda msimu wa masika.

Boma na mwaka 1900

Kutoka Sekei kwenda katikati ya jiji ni mwendo wa kushuka. Aliyezoea kutembea hufika Barabara ya Boma kwa miguu, na mwisho wa barabara hiyo, upande wa kaskazini, ndipo lilipo jengo jeupe ambalo Wajerumani walilijenga mwishoni mwa karne ya 19 na kulitumia kuanzia mwaka 1900. Leo ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, chini ya Makumbusho ya Taifa, na yamekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 1987. Ndani mna maelezo ya chimbuko la binadamu, wadudu, wanyama na picha za mbugani. Wanafunzi huletwa hapo kwa ajili ya masomo ya sayansi, jambo ambalo ni jema.

Lakini jengo lenyewe lina uzito kuliko vitu vilivyopangwa ndani yake. Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa kwenye nchi ya Wameru siku chache baada ya kupiga kambi Akheri, mahali walipokusudia kujenga kituo. Wajerumani, chini ya Kapteni Kurt Johannes aliyekuwa na ngome Moshi, walijibu kwa mashambulizi ya kurudiarudia dhidi ya Waarusha na Wameru. Watu waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu na migomba ikakatwa. Baada ya kushindwa, Waarusha walilazimishwa kulijenga boma ambalo lingewatawala.

Machi 1900 viongozi 19 walinyongwa huko Old Moshi kwa tuhuma za kupanga uasi. Anayekumbukwa zaidi ni Mangi Meli wa Wachaga, ambaye kichwa chake kimetafutwa na ukoo wake hadi katika makumbusho za Ujerumani. Pamoja naye walinyongwa pia viongozi wa Wameru na Waarusha, na hao hawatajwi mara nyingi. Mtu anaposimama mbele ya kuta zile nene, zilizopakwa chokaa vizuri na kuzungukwa na bustani, ni vema akumbuke kwamba zilisimamishwa na watu ambao viongozi wao walikuwa wamekwenda kitanzini, au walikuwa njiani kwenda.

Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, waliendelea kulitumia jengo hilo kama ofisi za serikali. Ndiyo sababu halikubomolewa.

Mnara wa Saa, mwisho wa kusini wa barabara hiyohiyo, ndio unaopigwa picha kuliko kitu kingine chochote mjini. Wenyeji huwaambia wageni kwamba hapo ni katikati ya njia kati ya Cairo na Cape Town. Ni habari tamu, na barabara kuu ya zamani ya kutoka kusini kwenda kaskazini mwa Afrika kweli ilipita Arusha, ila atakayechukua ramani na rula ataona kwamba katikati ya miji hiyo miwili huangukia Kongo. Dakika tano zinautosha mnara huo.

Azimio

Upande wa magharibi, Barabara ya Makongoro, kuna mzunguko wenye mnara mrefu uliobeba mfano wa Mwenge wa Uhuru. Karibu yake, Kaloleni, ipo nyumba ya kawaida kabisa ambayo mpita njia angeweza kuidhania kuwa ofisi ya mtaa. Ni humo ambamo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mwishoni mwa Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha. Mwalimu Julius Nyerere alilitangaza rasmi tarehe 5 Februari, na siku iliyofuata serikali ikatangaza kutaifisha mabenki.

Nyumba hiyo ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi. Ina picha na nyaraka za harakati za uhuru na za miaka ya ujamaa. Wanaotarajia vioo vinavyong'aa na sauti za kompyuta hawatavikuta. Hata hivyo, kwa msomaji aliyezaliwa baada ya mwaka 1991, wakati Azimio la Zanzibar lilipolegeza masharti ya uongozi yaliyowazuia viongozi kumiliki hisa na nyumba za kupangisha, nusu saa ndani ya chumba hicho inaweza kumfanya awaulize wazazi wake maswali ambayo hajawahi kuwauliza. Katika dunia ni miji michache ambayo jina lake limekuwa jina la siasa nzima ya nchi. Arusha ni mmojawapo, na mahali lilipozaliwa jina hilo ni mwendo mfupi tu kutoka Uwanja wa Sheikh Amri Abeid.

Jengo la mikutano lililogeuka mahakama

Mbele kidogo ya Boma, kuelekea Sekei, yapo majengo matatu marefu ya Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC), yanayoitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977 kabla haijanufaika nayo vya kutosha, na mwaka uliofuata majengo yakaanza maisha mapya kama kituo cha mikutano. Kwa watu wa Sekei, ni majengo wanayoyaona kila wanapokwenda sokoni.

Ndani ya majengo hayo ilihukumiwa kesi iliyobadili sheria ya dunia. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda (ICTR) mwezi Novemba mwaka huohuo, na Februari 1995 likaamua iwe Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998, majaji wakiongozwa na Laïty Kama wa Senegal walimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Katika hukumu hiyohiyo, mahakama iliamua kwamba ubakaji unaofanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu nao ni mauaji ya kimbari. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji na ambaye alikiri makosa, alihukumiwa kifungo cha maisha.

Kwa ujumla mahakama hiyo iliwashtaki watu 93 na kuwahukumu 62 kabla ya kufungwa tarehe 31 Desemba 2015. Miongoni mwa majaji wake alikuwamo Mtanzania, William Sekule. Wananchi waliruhusiwa kuingia na kukaa nyuma ya kioo, wakisikiliza mashahidi kwa vifaa vya masikioni. Wengi waliokuwa wakiishi mtaani hapo katika miaka hiyo hawakuingia hata siku moja, ingawa mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na kiingilio.

Mjini Nuremberg, Ujerumani, ukumbi namba 600 ambamo viongozi wa Kinazi walihukumiwa mwaka 1945 na 1946 una makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 2010, na watu kutoka pande zote za dunia huenda kuuona. AICC imerudi kwenye kazi ya mikutano. Haistahili, kwa sababu hiyo, kutazamwa kama jengo la ofisi tu. Katika kumbi zake pia yalifanyika mazungumzo marefu ya amani ya nchi jirani: Mkataba wa Amani wa Rwanda ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, miezi minane kabla ya mauaji, na ule wa Burundi tarehe 28 Agosti 2000, ukisimamiwa na Nelson Mandela aliyechukua usuluhishi baada ya kifo cha Mwalimu. Mkataba mmoja ulishindwa kuzuia damu, mwingine ukasaidia kuisimamisha vita ndefu. Jirani hapo, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa, iliyozaliwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, yalizinduliwa Novemba 2012.

Tengeru

Kutoka hapo safari huelekea mashariki kwa barabara ya Moshi. Kilomita kama 13 kutoka mjini ni Tengeru, penye soko kubwa siku za Jumatano na Jumamosi: ndizi za kila aina, maharage, mitumba, kuku na vyungu, vyote chini. Kwa mgeni, soko hilo lina mafunzo kuliko maduka yote ya vinyago ya mjini.

Mwendo mfupi kusini ya barabara lipo Ziwa Duluti, ziwa dogo lililojaa ndani ya kreta ya zamani na kuzungukwa na msitu wa hifadhi. Njia ya miguu huzunguka ukingoni chini ya miti mikubwa; kenge hujianika kwenye magogo na ndege wa majini ni wengi. Siku tulivu Meru huonekana ndani ya maji. Wenyeji wanazo hadithi zao kuhusu kina cha ziwa hilo, nazo ni za kusikilizwa kama hadithi.

Katika eneo hilohilo la Tengeru, ndani ya uwanja wa chuo cha mifugo, kuna makaburi yapatayo 150 yenye majina yasiyotamkika kirahisi na ulimi wa Kiswahili. Ni makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walianza kuwasili hapo wakimbizi waliokuwa wamechukuliwa kutoka nchini kwao na kupelekwa katika kambi za Urusi ya Kisovieti. Walipoachiliwa walipitia Iran na kuvuka bahari hadi Afrika Mashariki. Kambi ya Tengeru ilifikia watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakiishi katika vibanda vya msonge, wakiwa na shule, kanisa, hospitali na mashamba. Ilikuwa kubwa kuliko kambi nyingine zote za Wapolandi barani Afrika. Vita ilipokwisha wengi hawakutaka kurudi chini ya utawala mpya wa nchi yao, wakatawanyika Uingereza, Australia na Kanada.

Tanzania imezoea kusikia habari za Waafrika wanaokimbilia Ulaya. Hapa, chini ya miti ya Tengeru, wamelala Wazungu waliokimbilia Afrika wakapokelewa. Ni mahali pa utulivu, na anayekwenda na watoto atapata la kuwaeleza.

Ngurdoto na Momella

Hifadhi ya Taifa ya Arusha hufikiwa kwa kuiacha barabara ya Moshi baada ya Usa River. Ilianzishwa mwaka 1960 kama Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto, ikapanuliwa na kupewa jina la sasa mwaka 1967, na baada ya msitu wa Mlima Meru kuongezwa sasa ina kilomita za mraba 552. Kwa raia wa Tanzania kiingilio hutozwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni wa nje. Sababu ya gharama, ambayo wenyeji huitaja mara nyingi, kwa hifadhi hii haina nguvu sana. Kikwazo halisi ni usafiri wa ndani, nacho hupungua watu wakichangia gari.

Hakuna simba hapa. Kwa baadhi ya watu hilo huondoa ladha yote, lakini ndilo linalowezesha jambo lisilo la kawaida katika hifadhi nyingi: kutembea kwa miguu, ukiwa na askari mwenye silaha, katikati ya twiga na nyati. Katika msitu wako mbega weusi kwa weupe wenye mikia mirefu. Chui na fisi wapo, ingawa kuwaona ni bahati.

Kreta ya Ngurdoto ina upana wa kilomita tatu na kina cha mita 400. Magari huzunguka ukingoni na wageni hutazama chini tu. Kushuka hakuruhusiwi, na nyati waliomo wanaishi bila kusumbuliwa na mtu. Maziwa ya Momella, upande wa kaskazini, yamekaa kwenye mashimo yaliyoachwa na lile poromoko kubwa la mlima. Kwa kuwa maji ya kila ziwa yana kiwango chake cha magadi na madini mengine, rangi zake hutofautiana. Heroe, ambao wengi huwaita flamingo, hufuata chakula kinachoota humo, na katika baadhi ya miezi ukingo mzima huwa wa waridi. Katika Momella Ndogo wageni hupiga kasia kwenye mitumbwi, wakiwakwepa viboko.

Ni mandhari haya ambayo Marekani iliyatumia kwa filamu yake ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuchezwa na John Wayne, ikipewa jina la Kiswahili: Hatari. Pengine ni mara ya kwanza kwa watazamaji wengi wa ng'ambo kulitamka neno la lugha hii, nao hawakuambiwa lilitoka wapi.

Lango la Momella ndilo mwanzo wa njia ya kileleni. Safari huchukua siku tatu au nne, na askari mwenye bunduki ni lazima kwa sababu ya nyati na tembo. Usiku wa kwanza ni kibanda cha Miriakamba, mita 2,514. Wa pili ni Saddle, mita 3,570. Njiani hupitiwa mkuyu ambao mizizi yake imefanya upinde mpana wa kutosha gari kupita. Usiku wa manane wapandaji huanza kutembea juu ya ukingo mwembamba, kreta ikiwa upande mmoja na mteremko upande mwingine, na wenye kizunguzungu wafikirie mara mbili. Kilele kinaitwa Kilele cha Ujamaa. Wengi huupanda Meru kama mazoezi ya Kilimanjaro, na waongoza watalii wengi husema kwamba njia ya Meru ni nzuri zaidi. Anayefika juu alfajiri huliona jua likitoka nyuma ya Kilimanjaro.

Ngare Nanyuki

Barabara inayoendelea kaskazini baada ya Momella huishia kwenye nchi kavu ya Ngare Nanyuki. Hakuna geti wala wauza vinyago. Novemba 1951, serikali ya Waingereza iliwaondoa hapo Wameru karibu 3,000 ili kuwapa ardhi walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wakaambiwa wahamie sehemu ambayo waliikataa.

Wameru walichangishana fedha. Mwaka 1952, Kirilo Japhet alikwenda New York na kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kufikisha malalamiko ya watu wake huko kwa mdomo wake, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kulihutubia Baraza la Udhamini Machi 1955. Ardhi haikurudishwa mara moja, lakini aliporudi alizunguka nchi akieleza aliyoyaona, na wengi waliomsikia wakawa wanachama wa TANU ilipoanzishwa mwaka 1954.

Anayetaka kuyaona yote haya hahitaji likizo ndefu. Boma, Azimio na AICC humaliza siku moja kwa miguu. Tengeru na Duluti hufikiwa kwa daladala ziendazo Usa River, na siku ya soko ndiyo bora. Hifadhi na Ngare Nanyuki huhitaji gari la kukodi, na ni vema kuondoka Sekei saa 12 asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Miezi ya Juni hadi Oktoba, na Desemba hadi Februari, ndiyo mikavu. Aprili na Mei njia za mlimani huwa tope tupu.